Bima ya Maisha kwa Anayepokea Simu za Dharura: Panga Yako Kabla ya Shifti Ijayo

Saa nane usiku simu inaingia: ajali ya boda karibu na Ukunda. Wewe ndiye unayeuliza maswali, unayetafuta ambulensi iliyo karibu, na unayeamua kama mgonjwa atapelekwa Msambweni au atavushwa Likoni hadi Mombasa. Kila siku unapanga dharura za wenzako. Je, yako umeipanga?

Leo tunazungumza nanyi mnaopokea simu za dharura Kwale, muwe mmeajiriwa na kaunti, hospitali ya kibinafsi au kampuni ya ambulensi. Kubwa tunalotaka ulishike ni hili: bima ya kazini hufuata kazi, haikufuati wewe.

1. Jua tayari una nini

Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 inaipa familia ya mfanyakazi aliyefariki kwa ajali ya kazini fidia ya mshahara wa miezi 96. Ni pesa nzuri, lakini ni za yaliyotokea kazini. Ukipata ajali siku ya mapumziko ukitoka sokoni, hazikuhusu.

Waajiri wengi pia wana bima ya maisha ya pamoja. Uliza ofisini: Je, ipo? Inalipa kiasi gani? Sisi wa kandarasi tumo? Kandarasi ikiisha, inakoma siku gani?

2. Piga hesabu ya pengo

Tuseme nyumba yako hutumia shilingi 25,000 kwa mwezi na unataka familia ijikimu miaka 3. Hizo ni 900,000. Ongeza deni la sacco 150,000 na karo 200,000, inakuwa 1,250,000. Kama akiba na bima ya kazini ni 450,000, pengo lako ni 800,000. Hicho ndicho kiasi cha bima ya kutafuta, usichukue tu kile ajenti anachokuambia. Michango ya jamaa husaidia sana kwenye mazishi, lakini karo ya muhula ujao ni nadra kuchangiwa.

3. Usiiache ikatike

Ukitoka shifti ya usiku unalala mchana kutwa, na ujumbe wa kukumbusha malipo unapita hivi hivi. Bima nyingi hukupa siku 30 za ziada baada ya tarehe ya kulipa. Zikipita, bima inaweza kukatika, na msiba ukitokea hapo, familia huenda isipate kitu.

Kwa hivyo:

- Weka malipo ya kujirudia kwenye simu, siku moja baada ya mshahara kuingia.
- Lipa kwa namba ya Paybill ya kampuni yenyewe, na namba ya bima yako iwe ndiyo akaunti. Usitume pesa kwa namba ya ajenti, hata kama mnajuana.
- Hifadhi ujumbe wa kila malipo. PIN yako usimpe mtu, hata anayesema ametoka kwetu.
- Hakikisha kampuni ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima (IRA).

4. Familia ijue

Kuna pesa za bima ambazo hakuna anayekuja kuzidai, kwa sababu mwenye bima hakumwambia mtu. Zikikaa muda uliowekwa na sheria, hupelekwa UFAA, mamlaka inayotunza mali zisizodaiwa. Ukishuku kuna za marehemu wenu, piga *361#.

Andika jina la mnufaika jinsi lilivyo kwenye kitambulisho chake. Kama ni mtoto aliye chini ya miaka 18, taja pia mtu mzima wa kumshikia. Ukioa, ukiolewa au ukiachana, badilisha. Kwa Waislamu, uliza kuhusu takaful, na umuone kadhi kuhusu jinsi pesa hizo zitakavyogawanywa kwa warithi.

Wiki hii fanya matatu tu

Uliza ofisini kuhusu bima ya pamoja, piga hesabu ya pengo lako, kisha mwonyeshe mtu mmoja nyumbani makaratasi ya bima yanakokaa. Mpigaji simu asiposema yuko wapi, unajua ilivyo vigumu kumfikishia msaada. Usiwaache watu wako wakitafuta hivyo hivyo.