Mashine Isipewe Hukumu ya Kuua

Mchuna chai stadi katika vilima vya Roret huchagua majani mawili na chipukizi, akaliacha jani gumu. Mashine hukata chochote kinachofikiwa na makali yake. Mashine za kuchuna chai zilipoteketezwa Kericho mnamo Mei 2023, ugomvi ulikuwa juu ya ajira. Lakini iko mashine ya kutisha zaidi, nayo ni silaha inayopewa uwezo wa kuamua ni nani afe.

Balaa hili haliko mbali nasi. Tarehe 1 Aprili 2018, Marekani ilishambulia kutoka angani karibu na El Buur, nchini Somalia. Mwaka mmoja baadaye, jeshi lake lilikiri kwamba mwanamke na mtoto waliuawa. Januari 2022, shambulio la ndege isiyo na rubani liliua zaidi ya wakimbizi 50 huko Dedebit, Tigray. Ikiwa maafa haya hutokea binadamu angali ndiye mwenye amri, itakuwaje atakapoondolewa kabisa?

Watetezi wa roboti husema kwamba hazichoki, hazina hasira, na huwaepusha askari wetu na mauti. Mzazi aliyemzika mwanawe baada ya El Adde, Januari 2016, hawezi kuibeza hoja hiyo. Hata hivyo, mtawala asiyehofia kupokea majeneza atakuwa mwepesi wa kuanzisha vita. Tena silaha haina uaminifu. Inayotulinda leo yaweza kuigwa au kutekwa na magaidi kesho. Na ikikosea, nani atajibu? Askari aliyeua raia aweza kushtakiwa. Programu ya kompyuta haisimami kizimbani.

Kenya inayo njia ya kufuata. Bomu la kutegwa ardhini, ambalo halimtambui askari wala mtoto, lilipigwa marufuku kwa Mkataba wa Ottawa wa 1997, na mwaka 2004 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kuutathmini. Desemba 2023, mataifa 152 katika Umoja wa Mataifa yaliunga mkono azimio lililoonya juu ya silaha zinazojiendesha. Azimio pekee halimfungi mtu mikono. Mkataba ndio unaohitajika.

Serikali yetu na isimame kidete kuudai. Kila amri ya kuua sharti itoke kwa binadamu mwenye jina, dhamiri, na hofu ya kuulizwa.