Majina Yaliyokuja na Jina Lililokwenda

Majina husafiri kama watu. Mengine huja kwetu yakaondoka, mengine huja yakakaa, na mengine hutoka kwetu yakaenda mbali. Katika milima ya Usambara twaweza kuona mfano wa kila namna.

Kwanza, jina lililokuja likaondoka. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoitawala nchi hii, waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, maana yake Bonde la Wilhelm, kwa heshima ya Kaisari wao, Wilhelm wa Pili. Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji huo. Leo ukimwuliza mtoto njia ya kwenda Wilhelmstal, hatajua utakako.

Pili, majina yaliyokuja yakakaa. Neno shule, ulitamkalo kila asubuhi, latokana na neno la Kidachi, Schule. Na hela je? Mwaka 1904 serikali ya Kidachi ilitoa sarafu ndogo iitwayo Heller. Mia zake zilikuwa rupia moja. Sarafu hiyo haitumiki tena, ila jina lake limebaki kwa fedha ya kila namna. Mama akikutuma dukani akasema, "Chukua hela," aitaja sarafu iliyokwisha kufa zamani.

Tatu, jina lililokwenda. Katika misitu yetu, penye kivuli na mawe yenye unyevu, huota mmea mdogo wenye majani mazito yenye vinyweleo na maua ya zambarau. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kidachi, aliuona, akampelekea baba yake mbegu huko Ulaya. Mwaka 1893 Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akauita Saintpaulia. Tangu hapo umeenea duniani, kwa kuwa jani lake moja likichomekwa udongoni hutoa mizizi, likawa mmea mpya. Nao Wajerumani hata leo huliita ua hilo Usambaraveilchen. Bibi kizee asiyepata kuiona milima yetu hulitaja jina lake amwagiliapo maji chungu cha dirishani.

Lakini jambo la kusikitisha ni hili: ua lililojaa madirishani mwa wageni lapungua kwao. Mmea huu hauvumilii jua kali. Mti wa kivuli ukikatwa, jiwe hukauka, nao hufa. Mwenye shoka hajui alichokiua, maana shoka lake halikukigusa.

Basi, utumwapo kuteka maji bondeni, tazama mawe yaliyo kivulini. Ukiliona ua hilo, usiling'oe, wala usiukate mti ulifunikao. Isije ikawa jina letu laishi ugenini, na ua lenyewe limekwisha nyumbani.

Maswali
1. Neno hela lilitoka wapi?
2. Kwa nini mmea huu hufa ingawa haukukatwa?