Jinsia tano za Wabugis

Juzi, nikifundisha sarufi, mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini neno "yeye" halimtenganishi mwanamume na mwanamke. Nilimjibu kuwa Kiswahili hakiko peke yake. Lugha ya Wabugis wa Sulawesi Kusini, nchini Indonesia, ni vivyo hivyo. Ajabu ni kwamba watu hao, katika mila zao, wanahesabu jinsia tano.

Wako oroane, yaani wanaume, na makkunrai, wanawake. Calalai ni aliyezaliwa mwanamke lakini akashika kazi na mavazi ya kiume. Calabai ni kinyume chake, naye aghalabu ndiye atafutwaye kupamba maharusi. Wa tano ni bissu, kuhani aaminiwaye kuunganisha sifa za kiume na za kike katika nafsi moja. Yeye ndiye mlinzi wa hazina takatifu za wafalme, na ndiye aongozaye ibada za msimu wa kupanda mpunga.

Wabugis walisilimu katika karne ya 17, na mila hizo zikaishi bega kwa bega na dini. Ulipozuka uasi wa Kahar Muzakkar, kati ya 1950 na 1965, bissu walisakwa, wengine wakauawa, na vifaa vyao vikateketezwa. Leo wamebaki wachache.

Walimu wenzangu, simwombi yeyote abadili imani yake. Naomba tu tusiwaambie wanafunzi kuwa mambo haya yalizuliwa jana. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Je, aliyelazimishwa kuiacha kwa upanga tumwiteje?