Reli ya Mlimani Iliyookoa Watu wa Johnstown

Bila shaka umewahi kuona kisima chenye kapi na kamba yenye ndoo mbili. Ndoo moja ikishuka, nyingine inapanda. Uzito wa ile inayoshuka unakusaidia kuvuta. Kwa mpango huo huo watu wa Johnstown, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani, walijenga reli ya kupandia mlima. Ilifunguliwa mwaka 1891, na iliwafaa sana.

Mji huo uko bondeni, mito miwili inapokutana, nao umezungukwa na milima mikali. Huko juu, umbali wa kilomita 22 hivi, palikuwa na bwawa la udongo. Mwenyewe wa zamani aliyang'oa mabomba ya kupunguzia maji akayauza kama chuma chakavu. Halafu bwawa likachukuliwa na klabu ya matajiri waliopenda kuvua samaki. Wao wakaupunguza kimo ukuta wa bwawa, na penye njia ya kutokea maji yaliyozidi wakaweka wavu ili samaki wasitoroke. Hebu fikiri! Wavu unaozuia samaki si unazuia na takataka?

Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, ukuta ukakatika. Baada ya saa moja hivi maji yakafika mjini. Watu 2,209 walikufa. Waliowashtaki wenye klabu hawakupata kitu.

Basi, kampuni ya chuma ya Cambria ikafungua makazi mapya juu mlimani. Lakini watu watapandaje kila siku? Ndipo fundi Samuel Diescher akachora ile reli. Ina njia mbili, na kila njia ina behewa lake. Mabehewa yamefungwa kwa kamba nene za chuma zinazozunguka gurudumu kubwa lililoko juu. Hili likipanda lile linashuka, na yanapishana katikati. Kwa hiyo mashine haiinui behewa zima, inainua tofauti ya uzito tu. Mwanzoni mashine ilikuwa ya mvuke, baadaye ikawa ya umeme. Ipo pia kamba nyingine ya usalama, maana ile ya kuvutia ikikatika itakuwa balaa. Njia ina urefu wa mita 270 hivi, na inapanda karibu mita 150. Sakafu ya behewa ni tambarare, abiria haegemei upande. Hata farasi na mkokoteni wake walipanda humo, na baadaye motokaa.

Mwezi Machi 1936 mafuriko yakarudi. Safari hii watu walikuwa na pa kukimbilia: karibu watu 4,000 walipandishwa mlimani kwa reli hiyo. Mwaka 1977 mafuriko yalipokuja tena, mabehewa yalipandisha watu na kuteremsha waokoaji na vifaa vyao. Mwaka 2021 reli ilifungwa ili ifanyiwe matengenezo makubwa.

Mgeni wa Johnstown huonyeshwa daraja la mawe ambapo mabaki ya nyumba yalikwama mwaka 1889, kisha yakashika moto na watu wakiwa ndani. Ipo pia nyumba ya makumbusho ya mafuriko. Jengo lake lilikuwa maktaba iliyojengwa kwa fedha za Andrew Carnegie. Kumbe naye alikuwa mwanachama wa klabu ile ile ya wavuvi! Juu mlimani kuna makaburi ya Grandview. Humo wamezikwa zaidi ya watu 750 ambao hakuna aliyeweza kuwatambua. Mawe yao meupe yamepangwa kwa mistari, na hayana jina hata moja.