Nuru: Wimbi au Chembe?

Wapo wasomaji ambao wakiona neno "fizikia" hufunua ukurasa unaofuata. Tunawaomba wavumilie kidogo, kwa maana jambo tunalotaka kulieleza halihitaji hesabu zaidi ya kuzidisha na kutoa, na hata hivyo limewasumbua wataalamu kwa zaidi ya miaka mia moja. Jambo lenyewe ni hili: nuru ni nini?

Mwishoni mwa karne ya 19 swali hili lilidhaniwa limekwisha kujibiwa. Newton alikuwa amefundisha kwamba nuru ni chembe ndogo zinazorushwa. Lakini mwanzoni mwa karne hiyo Thomas Young wa Uingereza alionyesha kwamba miali miwili ya nuru ikikutana huweza kuzimana na kuacha giza. Chembe mbili zikikutana hazifutani. Mawimbi mawili huweza kufutana, kilele cha moja kikiangukia bonde la jingine. Kisha James Clerk Maxwell akaeleza kwa hesabu, mwaka 1865, kwamba nuru ni wimbi la umeme na sumaku, naye Heinrich Hertz akathibitisha kwa vyombo, mjini Karlsruhe, kwamba mawimbi ya namna hiyo yapo kweli.

Hapa historia ina kichekesho chake. Katika majaribio yale yale ya kuthibitisha wimbi, Hertz aliona mwaka 1887 kwamba cheche ya umeme iliruka kwa urahisi zaidi pale ncha za metali zilipoangazwa na miali ya urujuanimno. Akiweka kioo katikati, athari hiyo ilipotea. Akiweka jiwe la kwatzi, ilirudi, kwa kuwa kwatzi huipitisha miali hiyo nacho kioo huizuia. Aliliandika aliloliona bila kulitafutia nadharia, akarudi kwenye kazi yake. Mwaka uliofuata Wilhelm Hallwachs alionyesha kwamba bamba la zinki lenye chaji hasi huipoteza chaji hiyo likiangazwa, na baadaye ikajulikana kwamba kinachotoka katika metali ni elektroni.

Tungetazamia nini, basi, kama nuru ni wimbi tu? Kila mvuvi aliyefunga ngalawa ufukoni anajua kwamba wimbi kubwa hukata kamba, bali wimbi dogo huichezesha tu. Nuru kali ingepaswa kuzirusha elektroni kwa nguvu kuliko nuru hafifu, nayo nuru hafifu sana ingehitaji muda kabla ya kukusanya nishati ya kuing'oa hata moja. Philipp Lenard, katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 1902, aliona vinginevyo. Alipozidisha ukali wa nuru, elektroni ziliongezeka idadi, lakini nishati ya kila moja haikuongezeka. Kilichoibadili ni aina ya nuru iliyotumika. Tena, kila metali ina kizingiti chake: marudio ya nuru (yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde) yakiwa chini ya kizingiti hicho, hakuna kitokacho, hata taa iwe kali namna gani. Yakiwa juu yake, elektroni hutoka papo hapo, hata kwa nuru hafifu.

Mwaka 1905 Albert Einstein, mwenye umri wa miaka 26, karani katika ofisi ya hataza mjini Bern, alitoa wazo ambalo yeye mwenyewe aliliona kuwa la kimapinduzi. Alisema nishati ya nuru haikutandazwa kama maji ziwani, bali imo katika mafungu yasiyogawanyika, na kila fungu lina nishati iliyo sawa na marudio yakizidishwa kwa kipimo kile ambacho Max Planck alikuwa amekitoa mwaka 1900. Baadaye fungu hili likaitwa fotoni.

Fikiri juu ya lango la ushuru ambapo kila mtu hulipa peke yake, kwa sarafu moja, wala hakuna kuchangiana. Umati wa watu elfu wenye sarafu pungufu hautapita. Mtu mmoja mwenye sarafu ya kutosha atapita na kubaki na chenji. Kung'oa elektroni katika zinki kunagharimu kama elektroni-volti 4.3. Fotoni ya nuru nyekundu ina kama 1.8, na ile ya urujuani kama 3.1, kwa hiyo nuru ionekanayo kwa macho haiwezi kitu hapo. Bali fotoni ya urujuanimno kutoka taa ya zebaki ina 4.9, elektroni inatoka, na chenji ya 0.6 hivi ndiyo inayokuwa nishati ya mwendo wake. (Paneli za sola zilizo juu ya paa zetu ni ndugu wa jambo hili, ila humo elektroni haitoki nje ya silikoni, huachiliwa ndani yake tu.)

Wazo hilo halikupokelewa. Mwaka 1913 Planck na wenzake, walipompendekeza Einstein kwa Akademia ya Prussia, waliomba asihukumiwe sana kwa kuwa pengine alikosea shabaha, kama katika jambo la mafungu ya nuru. Naye Robert Millikan, katika Chuo Kikuu cha Chicago, alitumia kama miaka kumi kulipima. Alikwangua metali kwa kisu ndani ya ombwe ili uso wake uwe safi, akapima tena na tena, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 1916 yalilingana na mlinganyo wa Einstein kikamilifu. Hata hivyo aliandika katika taarifa ile ile kwamba nadharia iliyozaa mlinganyo huo haikubaliki kwake. Mwandishi huyu anamheshimu Millikan kwa hilo kuliko kwa tuzo yake ya Nobel ya mwaka 1923: alichapa namba zilizompinga.

Mambo yakageuka upande wa pili pia. Louis de Broglie alidai mwaka 1924 kwamba elektroni, ambayo wote waliijua kuwa chembe, ina urefu wa wimbi. Na mwaka 1927 Davisson na Germer walioona elektroni zikitawanywa na fuwele ya nikeli kama mawimbi.

Yafaa kusema kwamba athari ya Hertz peke yake haitoshi kuthibitisha fotoni. Mwaka 1969 Lamb na Scully walionyesha kuwa sehemu kubwa yake huelezeka hata nuru ikihesabiwa kuwa wimbi, mradi metali ifuate kanuni za kwanta. Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Ufaransa mwaka 1986, kwa Grangier, Roger na Aspect. Walipeleka fotoni moja moja kwenye kioo kinachopitisha nusu ya nuru na kurudisha nusu. Vipokezi viwili vilivyowekwa pande mbili havikulia pamoja ila kwa nadra sana: fotoni haikugawanyika. Lakini njia zile mbili zilipounganishwa tena kwa kioo cha pili, palitokea mpishano wa mwanga na giza, ambao hauwezi kuwapo iwapo kila fotoni ilishika njia moja tu. Chombo kile kile, nuru ile ile. Kilichobadilika ni swali lililoulizwa.