Wanawake Halisi na Wahusika wa Kubuni katika Riwaya za Charles Dickens

1.0 Utangulizi

Swali la nani hasa amefichwa nyuma ya mhusika fulani ni kongwe katika uhakiki wa riwaya, na mara nyingi hujibiwa kwa pupa. Mhakiki hukuta tukio katika wasifu wa mtunzi, akakuta linalofanana nalo katika riwaya, kisha akayachukulia mawili hayo kuwa kitu kimoja. Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1967 kuhusu kifo cha mwandishi, aliukataa kabisa mtindo wa kutafuta maana ya matini katika maisha ya mtunzi. Makala haya yanapita kati ya misimamo hiyo miwili. Kwa kuangalia wanawake wanne waliogusana na maisha ya Charles Dickens (1812–1870), yanadai kwamba mwanamke halisi haingii katika riwaya akiwa picha kamili. Kinachoingia ni uhusiano: jinsi mtunzi alivyompenda, alivyompoteza, alivyomlaumu au alivyomkosea. Uhusiano huo ukibadilika, mhusika naye hubadilika.

2.0 Maombolezo: Mary Hogarth

Mary Hogarth, mdogo wa mkewe Dickens, alifariki ghafla katika nyumba yao ya Doughty Street, London, tarehe 7 Mei 1837, akiwa na umri wa miaka 17. Dickens aliivua pete kidoleni mwa marehemu akaivaa mwenyewe, na mwezi uliofuata wasomaji walikosa sehemu mpya za *The Pickwick Papers* na *Oliver Twist*. Katika *Oliver Twist*, Rose Maylie ana miaka 17 hiyohiyo. Anaugua hadi kukaribia kufa, kisha anapona. Katika *The Old Curiosity Shop* (1840–1841), Nell hasalimiki. Msiba mmoja umezaa miisho miwili inayokinzana: mmoja unakikana kifo, mwingine unakikubali. Wahusika wote wawili wamesawiriwa bila doa, na hapo ndipo mpaka wa ushahidi wa wasifu unapoonekana. Kilichohamia katika riwaya ni majonzi ya shemeji yake kuliko hulka ya Mary mwenyewe.

3.0 Mmoja kwa wawili: Maria Beadnell

Dickens alimpenda Maria Beadnell, binti wa mtu wa benki, tangu mwaka 1830 hadi uhusiano wao ulipovunjika mwaka 1833. Katika *David Copperfield* (1849–1850) wahakiki humwona katika Dora Spenlow, msichana mzuri, mwenye deko, asiyejua kuendesha nyumba, anayefariki kabla ujana wake haujachakaa. Februari 1855 Maria, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu, alimwandikia barua. Barua hiyo ilizindua mapenzi ya zamani. Kuonana ana kwa ana kukayazima. Muda si mrefu alizuka Flora Finching wa *Little Dorrit* (1855–1857), mjane mnene ambaye maneno yake hayana kituo na ambaye bado anajichukulia kuwa msichana.

Dora na Flora wanatofautiana kwa sababu wamechotwa katika nyakati mbili za macho ya mtazamaji. Dhihaka aliyobebeshwa Flora ni kali, hasa ikikumbukwa kwamba Dickens mwenyewe alikuwa na miaka 43 wakati huo. Hata hivyo, matini haikuishia kwenye dhihaka. Flora anampa Amy Dorrit kazi ya kushona na kumtendea kwa ukarimu, na kadiri riwaya inavyoendelea wema huo unazidi kumpa uzito ambao kejeli peke yake isingeweza kumpa.

4.0 Lawama: Elizabeth Dickens

Mwaka 1824, baba yake alipofungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea, Dickens alifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu akiwa na miaka 12. Baadaye mama yake, Elizabeth, alitaka arejeshwe kiwandani, na mwanawe hakulisahau jambo hilo. Bi. Nickleby katika *Nicholas Nickleby* (1838–1839), mama mwenye porojo na fikra zisizotulia, alichotwa kwa kiasi kikubwa kwake. Wasomaji wa kwanza hawakuyajua hayo, kwani habari za kiwandani zilitangazwa na John Forster baada ya kifo cha Dickens. Walimcheka Bi. Nickleby bila kuuona uchungu uliokuwa chini ya kicheko hicho. Hivyo, wasifu unaeleza chimbuko la mhusika, lakini hauwezi kuwa sharti la kumwelewa.

5.0 Mwanamke aliyejibu: Jane Seymour Hill

Jane Seymour Hill alikuwa jirani wa Dickens, mwenye kimo kifupi sana cha maumbile, aliyejipatia riziki kwa kutunza kucha na miguu ya wateja. Desemba 1849 alijitambua katika Miss Mowcher wa *David Copperfield*, mhusika mwenye umbo na kazi kama yake aliyeelekea kutumika katika njama ovu. Alimwandikia mtunzi kulalamika, naye mwanasheria wake akaingilia kati. Dickens alikiri kwamba Bi. Hill alikuwamo kwa sehemu katika fikra zake, akaahidi kumbadilisha mhusika. Katika sura ya 32, iliyotoka Machi 1850, Miss Mowcher anarudi akiwa mwenye utu na dhamiri, na anamtaka David asiuchukulie upungufu wa mwili kuwa upungufu wa akili. Utoaji wa riwaya kwa mafungu ya kila mwezi ndio uliomfungulia Bi. Hill mlango, kama kitabu kingetoka kizima, malalamiko yake yangekuta kazi imekwisha.

6.0 Hitimisho

Shaaban Robert alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, alimtaja mhusika wake kwa jina, na kwa hiyo aliwajibika kwake waziwazi. Mtunzi wa riwaya huficha jina, lakini kisa cha Bi. Hill kinaonyesha kwamba kuficha jina hakufuti wajibu. Mary alikuwa amefariki, Elizabeth na Maria walisawiriwa bila kuulizwa, Bi. Hill peke yake ndiye aliyeisahihisha riwaya ingali inaandikwa. Kwa mhakiki wa Kiswahili anayetumia mkabala wa kiwasifu, kumtambua aliyechotwa ni hatua ya kwanza tu. Linalobaki ni kuchunguza alichotwa kutoka katika uhusiano gani, na kama alikuwa na nafasi yoyote ya kujibu.