Kikombe, Moshi na Pombe: Saratani ya Umio Inavyojengeka Itumbe

Saratani ya umio hujitangaza ikiwa imechelewa. Tonge la ugali hukwama kifuani, mgonjwa hulisukuma kwa maji. Baada ya wiki kadhaa huacha ugali akabaki na uji, kisha uji nao hukataa kupita. Umio ni mrija unaotanuka, kwa hiyo uvimbe huendelea kukua kimya hadi nafasi iliyobaki ni finyu mno. Wanaogunduliwa wakiwa katika hatua hiyo wengi hawamalizi mwaka.

Kaunti za Kisii na Nyamira nchini Kenya ziko ndani ya ukanda wa ugonjwa huu unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini. Makadirio ya mwaka 2020 yaliipa Kenya wagonjwa wapya zaidi ya 42,000 wa saratani zote na vifo zaidi ya 27,000, na umio ulikuwa miongoni mwa saratani zinazoua Wakenya wengi zaidi. Hospitali ya Tenwek, katika kaunti jirani ya Bomet, iliandikisha kati ya 1996 na 2009 wagonjwa zaidi ya 100 wa saratani hii waliokuwa na umri wa miaka 30 au chini yake. Kwingi duniani huu ni ugonjwa wa wazee. Anayeupata akiwa na miaka 25 yaelekea hakuanza kudhurika akiwa mtu mzima. Chanzo kitafutwe katika nyumba alimolelewa.

Katika nyumba hiyo kuna chai. Itumbe, huko Kisii, ni nchi ya chai, na kiwanda chake kiko chini ya KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai vya wakulima wadogo, lakini jani lenyewe si mshtakiwa. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, viwe chai au maji matupu. Vipimo vilivyochukuliwa Kilimanjaro vilionyesha kwamba watu huanza kunywa chai ikiwa na nyuzi 70 hivi. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliohusisha wagonjwa zaidi ya 400 ulikuta kwamba hatari kwa wanaokunywa vinywaji vya moto sana ni zaidi ya mara tatu ya ile ya wanaokunywa vya vuguvugu au moto wa kawaida. Joto huunguza utando wa umio, chembe hai hugawanyika upesi kuziba jeraha, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa katika vinasaba. Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na sukari, ikamiminwa kwenye thamosi, hubaki katika joto hilo kwa saa nyingi. Mtoto hupewa kikombe kilekile kabla ya kwenda shule.

Moshi una historia ndefu zaidi, inayoanzia kwenye ukubwa wa mashamba. Sensa ya 2019 ilikuta Kisii ina watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba likigawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, kinachotoweka kwanza ni mahali pa miti. Magogo ya mkaratusi yana mnunuzi, kwa kuwa viwanda vya chai huchoma kuni kupata mvuke wa kukaushia majani. Jikoni hubaki vijiti vibichi, magunzi na matawi ya michai iliyopogolewa. Vitu hivi haviungui vikaisha. Hutoa masizi yenye kemikali za jamii ya benzopireni, ambazo huvutwa na pia humezwa pamoja na mate. Gesi ingepunguza hayo, ila Julai 2021 serikali iliitoza kodi ya VAT ya asilimia 16, ikaishusha hadi 8 mwaka 2022, na kuiondoa mwaka 2023. Familia iliyorudi kwenye mafiga katika miaka hiyo haina lawama: ilipiga hesabu ya pesa, na hesabu ilikuwa sahihi.

Pombe haihitaji maelezo marefu. Chang'aa na busaa zina ethanoli, ambayo mwili huigeuza kuwa asetaldehidi, sumu inayoharibu vinasaba na kuzuia ukarabati wake. IARC ilikwisha kuihukumu pombe mwaka 1988. Tumbaku huongeza madhara, na anayevuta huku akinywa hajumlishi hatari mbili, huzizidisha.

Ushauri wa kawaida wa afya huyaweka haya yote mabegani mwa mtu mmoja, kana kwamba ndiye aliyepanga bei ya gesi na ukubwa wa shamba. Hilo si haki. Hata hivyo kuna mabadiliko yasiyongoja bajeti. Chai ikimiminwa ikaachwa wazi dakika chache hushuka chini ya nyuzi 65. Kuni zikikaushwa na jiko likapewa dohani, moshi hupungua. Chang'aa na sigara zikiachwa, hatari hushuka mwaka baada ya mwaka. Na yeyote ambaye chakula kimemkwama kwa wiki mbili asinunue dawa ya vidonda vya tumbo dukani. Aende hospitali ya rufaa akaombe umio wake uchunguzwe kwa kamera, akiwa bado anameza ugali.